Nyanya Nayo Ina Askari Wake

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo wenzetu, tulipoombwa kusema juu ya magonjwa ya nyanya. Tumeyaandika hapa ili na wale ambao hawakuwapo siku ile wapate kuyasoma.



Leo tutazungumza juu ya nyanya. Hakuna hata mmoja kati yetu asiyeijua nyanya. Tunaipanda, tunaila, tunaiuza. Lakini leo tunaomba tuingie ndani ya jani lake, tutazame mambo ambayo macho yetu peke yake hayawezi kuyaona.

Kwanza tuwaeleze kosa letu. Kikundi chetu kililima bustani ya nyanya wakati wa mvua. Miche ilistawi vizuri sana. Siku moja tukaona vidoa vidogo vyeusi kwenye majani. Kila kidoa kilizungukwa na rangi ya manjano. Tukasema, "Aa, huu ni ukungu." Tukachukua fedha za kikundi, tukanunua dawa ya ukungu, tukapulizia. Vidoa vikaongezeka. Tukanunua tena, tukapulizia tena. Mara ya tatu tukakopa.

Nyanya zilipoanza kuiva zilikuwa na vidoa vyeusi vilivyoinuka kidogo, kama vichwa vya pini. Mnunuzi alikuja na matenga yake. Akashika nyanya moja, akaikwangua kwa ukucha, akairudisha chini. Akaondoka. Nyanya tukazila wenyewe, na deni likabaki.

Baadaye bibi shamba alifika, akatazama, akatuambia, "Ndugu zangu, huu si ukungu. Huu ni ugonjwa wa bakteria. Dawa mliyonunua haiui bakteria." Basi fedha zote zile tulizimwaga bure.

Ugonjwa ule ni vidoa vya bakteria. Bakteria wanaouleta wana jina refu la kitaalamu, Pseudomonas syringae. Wanapatikana katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 2007 wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoko Morogoro, walichapisha taarifa ya kwanza kwamba ugonjwa huu umeonekana Tanzania.

Tulipokuwa tunaeleza habari hii, mzee mmoja alituuliza swali. Alisema, "Mtoto huchanjwa. Ng'ombe huchanjwa. Nyanya haina damu, haina miguu ya kukimbia. Je, inajikinga na nini?" Swali hilo ndilo lililotufanya tutafute habari hizi. Na jibu lake kwa kifupi ni hili: nyanya hujikinga kwa protini zake.

BAKTERIA HUINGIAJE?

Bakteria ni viumbe hai wadogo mno. Ukipanga bakteria 500 hivi wa aina hii kwa mstari mmoja, mstari wote utakuwa na urefu wa kama milimita moja tu.

Bakteria hawana nguvu ya kutoboa jani. Wanahitaji mlango. Jani la nyanya lina vitundu vingi vidogo vya kupitishia hewa. Vitundu hivi hufunguka na kufunga. Mvua ikinyesha, au tukimwagilia kwa kurusha maji juu ya majani, bakteria huogelea ndani ya maji hayo na kuingia kwenye vitundu. Wengine huingia penye majeraha, mahali tulipovunja tawi au tulipokwaruza jani kwa jembe. Wakishaingia hukaa katikati ya seli za jani, wakaanza kula na kuzaana.

Seli ni nini? Seli ni chembe hai. Kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali mengi, jani hujengwa kwa seli nyingi. Lakini tofali ni kitu kilichokufa, na seli ni kitu kilicho hai.

PROTINI SI CHAKULA TU

Katika somo la lishe tulijifunza kwamba protini hujenga mwili, na kwamba tunaipata katika maharage, mayai, samaki na nyama. Hiyo ni kweli. Lakini kuna jambo jingine. Ndani ya kila seli zimo protini za maelfu ya aina, na kila aina ina kazi yake. Nyingine hujenga, nyingine hubeba, nyingine hukata, nyingine hulinda.

Seli hujuaje namna ya kuzitengeneza? Imebeba maelezo yake ndani, nayo huitwa vinasaba. Mche huyarithi maelezo hayo kutoka kwa mbegu. Ndiyo maana aina moja ya nyanya huweza kustahimili ugonjwa ambao aina nyingine haiwezi.

Sisi wanadamu tuna chembe nyeupe katika damu, ambazo huzunguka mwilini kama askari wa doria. Nyanya haina askari wa kuzunguka. Basi kila seli hujilinda yenyewe, nyumba kwa nyumba.

MLINZI WA MLANGONI

Kwenye utando wa seli wako walinzi. Mlinzi mmoja ni protini inayoitwa FLS2. Sehemu yake moja iko nje ya seli, na sehemu nyingine iko ndani. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni, kichwa kiko nje na miguu iko ndani.

Bakteria huogelea kwa kutumia mkia. Mkia huo nao umejengwa kwa protini. FLS2 anaijua sehemu moja ndogo ya mkia huo. Akiigusa tu, anajua kwamba mgeni huyu si mwema. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza mlinzi mwingine anayeitwa FLS3. Huyu anaijua sehemu nyingine ya mkia uleule. Mimea mingi haina FLS3. Anapatikana kwa nyanya na baadhi ya ndugu zake, kama viazi mviringo na pilipili. Basi nyanya ina walinzi wawili wa kukamata mkia mmoja.

Mlinzi akishamgundua adui, hufanya nini? Hushikana na protini mwenzake, kisha hubandikiana chembe ya fosfeti. Fosfeti tunaijua, imo katika mbolea tunazonunua. Protini iliyobandikwa fosfeti huamka ikaanza kazi. Nayo humbandika jirani yake, jirani humbandika mwingine, hivyo hivyo mpaka habari ifike katikati ya seli. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Fosfeti ndiyo mbiu ya seli.

Mbiu ikishalia, mambo mengi hufanyika. Vitundu vya jani hufunga. Seli hutoa sumu ya kuwadhuru bakteria. Kuta zake huongezewa nguvu. Na vinasaba vilivyokuwa vimelala huamshwa, zikatengenezwa protini nyingine za kupigana. Kazi hii huanza kwa dakika chache tu.

MWIZI NAYE ANA HILA

Kama mambo yangeishia hapo, nyanya isingeugua kamwe. Lakini bakteria naye ana hila zake.

Bakteria wa ugonjwa huu ana chombo kama sindano ya bomba. Kwa chombo hicho hupenyeza protini zake mwenyewe ndani ya seli ya nyanya. Kabila moja la bakteria hawa, ambalo watafiti wamelichunguza sana, hupenyeza protini zipatazo 30. Hebu tutaje mbili tu. Ya kwanza inaitwa AvrPto. Hii huwashika walinzi wa mlangoni wasiweze kubandika fosfeti. Mlinzi yupo, lakini mikono yake imefungwa. Ya pili inaitwa AvrPtoB. Hii ni mbaya zaidi. Humwekea mlinzi alama, na seli ikiiona alama hiyo hudhani kwamba mlinzi ni takataka, ikambomoa yenyewe kwa mikono yake.

Tena kuna bakteria wanaotengeneza sumu inayofanana na kichocheo cha mmea wenyewe. Sumu hiyo huifanya nyanya ivifungue tena vitundu ilivyokuwa imevifunga. Ni ufunguo wa bandia.

Kwa hiyo, ndugu, tulipokuwa tunaona vidoa vyeusi bustanini kwetu, kumbe tulikuwa tunaona mahali ambapo walinzi wameshindwa.

MTEGO UITWAO PTO

Zamani, kabla nyanya haijawa tunda kubwa la bustanini, ilikuwa mmea wa mwituni huko Amerika ya Kusini. Mpaka leo katika nchi za Peru na Ekuado kuna nyanya za mwituni zenye matunda madogo kama gololi. Wataalamu waliona kwamba baadhi ya nyanya hizo haziugui vidoa vya bakteria. Wakazichavusha na nyanya za bustani, wakapata aina zenye kinga.

Siri ya kinga hiyo ni nini? Mwaka 1993 Gregory Martin na wenzake, huko Marekani, walikipata kinasaba chake. Kilikuwa kimojawapo cha vinasaba vya kwanza vya kinga ya mimea kupatikana duniani. Kinasaba hicho hutengeneza protini inayoitwa Pto.

Pto hukaa ndani ya seli. Umbo lake linafanana na ile sehemu ya walinzi wa mlangoni ambayo bakteria hupenda kuishika. Basi AvrPto ikiingia inatafuta mlinzi wa kumfunga mikono, ikakutana na Pto, ikamshika. Hapo imenaswa! Wataalamu wengi wanasema kwamba Pto ni kama chambo kwenye mtego. AvrPtoB nayo hunaswa hivyo hivyo.

Lakini chambo peke yake hakitoshi, lazima uwepo mtego. Mtego ni protini nyingine inayoitwa Prf, ambayo kinasaba chake kilielezwa mwaka 1996. Siku zote Prf na Pto hukaa wameshikana, kimya. Pto akiguswa na adui, Prf hufyatuka. Bila Prf, Pto hana kazi.

Mtego ukifyatuka, seli ile hujiua. Msishangae. Mmewahi kuona moto unapowaka kijijini. Watu hubomoa banda moja la nyasi ili moto usifike kwenye nyumba nyingine. Nyanya hufanya vivyo hivyo. Seli chache zilizoingiliwa hufa upesi, na bakteria walioko pale hukosa mahali pa kuendelea. Jani linapona, na mche unaendelea kuzaa.

KWA NINI ASKARI HAWAKAI MACHO SIKU ZOTE?

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini nyanya isiwaamshe askari wake usiku na mchana? Jibu ni kwamba vita ni gharama. Chakula kinachotumika kupigana ndicho kingetumika kuotesha majani na kujaza matunda. Katika maabara, watafiti waliichukua mimea michanga ya aina nyingine, wakaipa kipande cha mkia wa bakteria kila wakati. Hakukuwa na bakteria hata mmoja. Lakini mimea ile ilidumaa, kwa sababu ilikuwa vitani siku zote na adui asiyekuwapo.

Kwa hiyo ziko protini za kuamsha, na ziko protini za kutuliza. Pto na Prf kushikana kimya ni sehemu ya utaratibu huo. Mmea wenye afya ni ule ambao askari wake huamka upesi adui akija, na hulala adui akiondoka.

MLINZI MMOJA HATOSHI

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa la mazungumzo haya.

Mbegu zenye Pto zilipopandwa kwa wingi katika nchi nyingine, wakulima walifurahi. Lakini baadaye, huko Kanada na katika jimbo la California, Marekani, wakaonekana bakteria ambao Pto hawezi kuwanasa. Bakteria hao hawana protini zile mbili katika hali ambayo Pto anaweza kuitambua. Mtego upo, lakini mwizi amebadili njia.

Watafiti hawakukata tamaa. Wamerudi tena mwituni. Mwaka 2019 walieleza mlinzi mwingine anayeitwa Ptr1, kutoka kwa ndugu mwingine wa nyanya wa Amerika ya Kusini. Huyu anawatambua baadhi ya bakteria waliomshinda Pto. Anawatambua pia baadhi ya bakteria wa mnyauko.

Mnyauko huo ni adui mwingine. Bakteria wake wanaishi ardhini, huingia kwa njia ya mizizi na kuziba mishipa ya maji. Mche hunyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi. Mkia wa bakteria huyu umebadilika, kiasi kwamba FLS2 wa nyanya hamtambui. Mwaka 2010 watafiti wa Norwich, Uingereza, pamoja na wenzao, walichukua mlinzi kutoka kwa gugu dogo la ukoo wa kabichi, wakamtia katika nyanya. Mlinzi huyo haangalii mkia. Anaangalia protini nyingine ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo. Nyanya zile zilistahimili mnyauko vizuri kuliko wenzake wasiokuwa naye.

Mnaona basi? Wataalamu wanaongeza walinzi, na bakteria wanabadili hila. Vita hii haina mwisho. Mkulima anayenunua mbegu yenye kinga halafu akalala usingizi, ipo siku ataamka na hasara.

BASI TUFANYE NINI?

Kazi yetu ni kuwapunguzia askari wa nyanya kazi. Wakikutana na bakteria wachache watashinda. Wakikutana na jeshi zima, kila siku, watashindwa. Sisi tumekubaliana hivi:

1. Kuujua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Tukiona vidoa, tutamwita bwana shamba au bibi shamba kwanza. Mche ukinyauka ghafla, tunakata kipande cha shina karibu na ardhi, tunakining'iniza katika glasi ya maji safi. Ukitoka uzi mweupe kama maziwa kwa dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Mche huo hauna dawa. Ng'oa, uchome moto.

2. Kutumia mbegu safi. Bakteria wa vidoa husafiri na mbegu. Wenye kipimajoto huweza kuloweka mbegu katika maji ya nyuzi 50 za Sentigredi kwa dakika 25, kisha wakazipoza kwa maji baridi na kuzikausha. Asiye na kipimajoto asijaribu, maana ataziua mbegu zake.

3. Kumwagilia chini, kwenye shina, wala si juu ya majani.

4. Kutoingia bustanini majani yakiwa yamelowa. Mikono yetu na nguo zetu hubeba bakteria kutoka mche hadi mche.

5. Kubadilisha mazao. Baada ya nyanya tunapanda mahindi. Hatupandi viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu wala pilipili, kwa sababu hao ni ukoo mmoja na nyanya.

6. Kutotegemea dawa za shaba peke yake. Dawa hizo husaidia zikitumiwa mapema, lakini mahali pengi bakteria wamekwisha zizoea.

MASWALI

Baada ya kumaliza tuliulizwa maswali, nasi tukajibu kama ifuatavyo.

Mama mmoja aliuliza: "Mche mmoja wangu ulibaki mzima, wenzake wote wakaugua. Je, nichukue mbegu zake?" Tulimjibu: Mama, wazo lako ni zuri, maana ndivyo wataalamu walivyoanza. Lakini mche uliokaa katikati ya wagonjwa huweza kubeba bakteria bila kuonyesha dalili. Ukizipanda mbegu zile mwakani, utakuwa umeupanda na ugonjwa. Mwonyeshe bibi shamba kwanza.

Kijana mmoja aliuliza: "Nikiweka mbolea nyingi, askari wa nyanya wataongezeka?" Tulimjibu: Mche wenye njaa hauwezi kutengeneza protini za kutosha, kwa hiyo mbolea ya kiasi ni lazima. Lakini mbolea ikizidi, majani husongamana, hayakauki upesi baada ya mvua, na bakteria hupenda mahali palipolowa.

Mwingine aliuliza: "Protini hizo tukizila zinadhuru?" Tukamjibu: Ndugu, umekula walinzi hao tangu ulipoanza kula nyanya. Tumbo lako huzivunja kama protini nyingine yoyote ya chakula.

Mwisho yule mzee akasimama, akasema, "Basi nimeelewa. Nyanya ina askari, lakini sisi tulikuwa tunafungulia wezi mlango." Watu wakacheka. Lakini sisi wa kikundi tulijua amesema kweli, kwa sababu tulikuwa tunamwagilia juu ya majani kila jioni.

Ndugu wasomaji, mwaka huu katika kiwanja kile tumepanda mahindi. Nyanya tutazipanda mahali pengine, kwa mbegu safi, na deni tumeanza kulilipa kidogo kidogo. Mtu mwenye vidoa bustanini kwake asione haya. Alete jani moja, tulitazame pamoja kabla hajatoa fedha yake mfukoni.